Shawa ya Dona Nair

Nyumba zote za mtaa wa Alto da Gralha zinaoga kwa mkono wa fundi Seu Orestes Padilha; kwetu Seu ni bwana, na Dona ni bibi. Nyumba yake ndiyo iliyobaki nyuma. Iko juu kabisa, pale barabara ya mawe inapoishia kwenye uzio wa ng'ombe. Miaka yote aliyokuwa akipanda na kushuka na mfuko wake wa vyombo, akiwafungia watu shawa za umeme, mkewe Dona Nair alikuwa akioga jikoni, ndani ya beseni la bati, kwa maji ya birika lililochemka juu ya jiko la kuni.

Hatukuona ajabu yoyote. Fundi ana kazi za watu, ya kwake ingengoja. Na Dona Nair mwenyewe ndiye aliyelifanyia mzaha kuliko sote.

"Mume wangu ameingia bafuni kwa wanawake wote wa mlima huu," alikuwa akisema mbele ya yeyote. "Mimi tu ndiye ninayengoja zamu."

Anayeishi mji wetu wa Lages, huku milimani, haoni shawa ya umeme kuwa anasa. Mwezi wa sita nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, na shati lililosahauliwa kwenye kamba linaganda gumu kama ubao. Hata nyumba isiyo na dari utakuta ina kile kichwa cha plastiki ukutani, chenye koili ndani yake, na kitufe cha kuchagua kiangazi au kipupwe. Ukifungua koki, maji yanasukuma mpira, mpira unagusisha umeme, taa za nyumba zinafifia kidogo, na mvuke unaanza kupanda. Yote yanategemea maji kuja na nguvu. Yakija kinyonge, ama koili haiwaki, ama inawaka ikakosa cha kuipoza, ikaungua.

Seu Orestes alijifunza kazi hii mtaroni. Ujanani alikuwa kwenye kiwanda cha mbao, mpaka misonobari mikubwa ya huku ilipokwisha. Ndipo likaja bomba kuu la maji kupandishwa mlimani, naye akaajiriwa kuchimba. Mtaro ulipofukiwa alibaki na spana ya bomba ambayo hakuna aliyekuja kuidai. Jirani mmoja akamwomba amvutie maji mpaka jikoni, mwingine akamwomba mpaka bafuni, na hivyo akawa fundi.

Alikuwa na imani moja katika kazi yake, na aliishika kama watu wengine wanavyoshika dini. Kila nyumba ina tangi, juu ya dari au juu ya zege, na maboksi ya shawa yameandikwa kwamba maji yatoke kwenye tangi. Seu Orestes alikuwa akiyasoma maandishi hayo kwa sauti, polepole, kisha anatumia boksi kuwashia jiko.

"Maji ya tangi yamelala," alikuwa akisema. "Ya barabarani yako macho."

Basi alichukua maji moja kwa moja kutoka bomba la barabarani, akalipita tangi, akayapeleka kwenye shawa. Na kweli yalikuja na kishindo, yanakupiga mabegani mpaka unasahau siku yako. Watu waliipenda. Mtu akijenga, husema anataka "ile ya Orestes", na kila mmoja anaelewa.

Mimi naishi nyumba ya tatu chini yao, nafundisha shule ya mtaa. Dona Nair alinizoea kama binti. Nilikuwa nikipanda kwake jioni kunywa mate, ile chai chungu ya majani ya huku inayovutwa kwa mrija, tukipokezana kibuyu kimoja pembeni ya jiko, naye akinisimulia miaka aliyofanya kazi kwenye ghala la tufaha, mikono ikiwa ndani ya maji baridi kutwa nzima. Alisema baridi ile ilimwingia na haikupata njia ya kutoka.

Mwaka juzi, msimu wa kuvuna tufaha, alianguka jikoni. Upande wake wa kushoto haukurudi. Ulimi ulirudi, tena na makali yake, ila taratibu. Tangu hapo hakuweza kuingia kwenye beseni. Tulimfuta kwa kitambaa cha moto kando ya jiko, mimi na Seu Orestes, asubuhi kabla sijaenda shule. Baridi ya mwezi wa tano ilipoingia, akapata nimonia, akalazwa.

Alipotoka hospitali, binti yao Lucimara alipanda kutoka Joinville, kule chini karibu na bahari, anakokaa kwenye ghorofa. Ni mwanamke mkali mwenye huruma, na vitu hivyo viwili huwa vinagombana usoni mwake.

"Baba, mama hafutwi kwa kitambaa kama meza."

"Tunamfuta vizuri. Muulize Ivone huyu hapa."

"Sijasema mnamfuta vibaya. Nimesema si meza." Alitazama kile chumba cha mbao nyuma ya jikoni, chenye choo peke yake na ukuta mtupu. "Umewafungia shawa mpaka watu waliokuwa hawasalimiani nawe. Nakupa mpaka sikukuu ya São João, mwezi wa sita. Nikija nikamkuta mama anaoga maji moto, ameketi kwenye kiti kama mtu, sisemi neno. Nikikuta beseni, naondoka naye."

"Unaondoka naye kama mzigo?"

"Naondoka naye kama mama yangu, baba."

Seu Orestes alitoka nje kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jioni hiyo, gari la Lucimara lilipokwisha kushuka, Dona Nair alimwita mumewe kando ya kitanda. Nilitaka kuondoka, akanishika mkono kwa ule wa kulia.

"Kaa, Ivone, uwe shahidi. Orestes, sikiliza. Joinville sitaki. Kule wanakaa juu ya vichwa vya wenzao na hakuna anayejua jina la mtu. Nataka kufia hapa nikisikia kelele zako. Lakini na baridi hii nimechoka. Nifungie shawa."

"Nitafunga."

"Umeshasema hivyo mara nyingi mpaka neno lenyewe limechakaa."

"Nafunga, Nair."

Na alianza. Alimwaga saruji sakafuni, akaiinamisha vizuri kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Alipigilia mbao mpya ukutani na kuziba kila ufa kwa gundi. Alivuta waya mnene kutoka kwenye boksi la umeme, na waya wa ardhi, ambao kwa watu wengi alikuwa akiuruka. Nilikaa mlangoni na kibuyu nikamtazama akikata bomba, akisugua ncha kwa msasa, akizungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za kukazia. Magoti yake yalilia kila aliposimama. Sijawahi kumwona akifanya kazi polepole hivyo, wala kwa uangalifu ule.

Shida ilikuwa tangi. Lilikaa juu ya dari ya jikoni, chini ya vigae, karibu usawa mmoja na pale shawa ilipotakiwa kukaa. Maji yasingeshuka kwa nguvu yoyote. Ilibidi kujenga mnara uani na kulipandisha juu yake, na mbao za paa zilikuwa zimeliwa na wadudu, kwa hiyo hata kulitoa pale kulitaka wanaume kadhaa. Seu Orestes alinunua nguzo, akazichonga, akazilaza kando ya uzio. Kisha akashuka kwa Adelar mwenye baa, kuomba ujima.

Huku kazi ya mnara au ya zege haifanywi na mtu mmoja. Unataja Jumamosi, majirani wanakuja, mwenye nyumba anachoma nyama, kufika mchana imekwisha. Adelar aliahidi kwa niaba ya wote. Jumamosi ya kwanza mvua ikanyesha. Iliyofuata timu ya mtaa ilikuwa na mechi. Halafu ikawa wanakusanya kuni za moto wa São João.

"Baada ya sikukuu, Seu Orestes!" Adelar alimpigia kelele kutoka mlangoni mwa baa. "Umengoja maisha yako yote, utashindwa na wiki moja? Au bibi amekutishia talaka?"

Wote walicheka, na mzee akacheka nao. Hakuwaambia. Angeweza kuwaambia neno moja tu na wangeacha kila kitu, nawajua. Lakini kumwambia Adelar kwamba mkewe atachukuliwa kwa sababu yeye, Orestes, hana bafu, lilikuwa neno ambalo mdomo wake haukuweza kulibeba.

Siku mbili baadaye nilimkuta akichimba kando ya ngazi, pale bomba la barabarani linapoingilia uani.

"Unachukua ya barabarani?"

"Kama ya watu wote."

"Na huku juu yanafika sawasawa?"

"Asubuhi yanafika mpaka yanatoa povu."

"Na jioni?"

Alichukua kibuyu mkononi mwangu, akavuta mate mpaka kikakoroma.

"Jioni pia yanafika," alisema.

Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, aliijaribu shawa. Tulimleta Dona Nair, tukamkalisha kwenye kiti cheupe cha plastiki alichoazima kwa Adelar. Seu Orestes alifungua maji kwanza, yakapita baridi mpaka hewa yote ikatoka bombani. Akafunga, akawasha umeme, akageuza kitufe kwenye kipupwe, akafungua tena. Taa ya jikoni ikafifia. Mvuke ukaanza kujaa kwenye mbao mpya, zikatoa harufu ya utomvu.

Dona Nair alinyoosha mkono wake mzima.

"Orestes! Yanaunguza!"

Alicheka kama msichana. Aliuacha mkono pale, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini.

"Basi nikuvue nguo uoge," nikasema. "Maji yenyewe hayo."

"Leo? Leo siogi. Nitaoga kesho Lucimara akiwepo, aone. Jioni, kabla ya moto, kama watu wote. Halafu navaa lile gauni la maua na mnishushe kwa Adelar nikale mbegu za msonobari."

"Oga leo, na kesho tena," alisema Seu Orestes. Alisema kwa haraka mno.

"Wewe mwanamume, umeninyima miaka yote hiyo, leo unataka nioge mara mbili? Kesho."

Seu Orestes alifunga koki taratibu, akaendelea kuishika hata baada ya maji kukatika.

Lucimara alifika siku ya pili mchana. Aliingia bafuni peke yake, akagusa mbao, akatazama sakafu, akatoka macho yamelainika.

"Kazi nzuri, baba."

"Ngoja umwone mama yako chini yake."

Jua lilipoanza kuzama watu walirudi makwao kutoka kwenye rundo la kuni. Hakuna anayekwenda kwenye moto wa São João bila kuoga. Ni siku ya gauni lililopigwa pasi na nywele zenye maji bado. Tulipokuwa tukimvua Dona Nair, mimi na Lucimara, nilisikia mlima mzima ukijiandaa: milango, redio, mama akimfokea mtoto aingie bafuni. Tulimkalisha kwenye kiti. Seu Orestes alisimama nje ya pazia, mkono kwenye koki.

"Tayari?"

"Fungua, mzee, nisije nikafa kiu."

Maji yalikuja. Yalikuja mazuri, ya moto, yakamshukia kichwani na kufuata mgongo wake mwembamba. Alifumba macho. Mdomo, ambao tangu alipoanguka ulikuwa umepinda, ukalegea. Lucimara alimpaka sabuni kichwani, mabegani, kwenye mkono uliokufa, akiusugua kila kidole. Nilimwona anaficha uso.

Kisha sauti ya maji ikabadilika.

Ilianza kama mtu anayevuta pumzi. Maji yakawa membamba, yakawa uzi, na uzi huo ulikuwa unachemka. Dona Nair akapiga yowe. Tulimvuta kando na kiti chake. Ndani ya kile kichwa cha plastiki kitu kililia kama chumvi kwenye moto, harufu ya kuungua ikashuka, taa ikarudi kung'aa vizuri. Yakaanguka matone machache ya baridi. Basi.

"Baba! Maji!"

Seu Orestes alikuwa ameshazima umeme. Alifungua koki mpaka mwisho, akaifunga, akaifungua. Kisha alitoka uani, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anatazama chini. Kutoka kwenye kila kidirisha cha bafu cha Alto da Gralha mvuke ulikuwa unatoka, mweupe, unapanda taratibu kwenye baridi. Hapakuwa na bomba hata moja pale ambalo hakulifunga yeye, yote yakivuta moja kwa moja kutoka bomba la barabarani.

Akashuka. Sikuwahi kudhani magoti yale yanaweza kukimbia. Niliisikia sauti yake mlango kwa mlango.

"Fungeni maji! Fungeni kidogo tu! Nair ana sabuni!"

"Nani?"

"Orestes! Funga maji!"

"Na mimi nina sabuni, Seu Orestes! Subiri zamu yako!" Kicheko. Mahali fulani mtu alikuwa anaimba, wala hakunyamaza.

Tulimrudisha Dona Nair jikoni, tumemfunika taulo, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Birika lilikuwa juu ya jiko, kwa ajili ya mate. Tulichanganya na maji ya ndoo, tukamsuuza kwa kitambaa, kipande kwa kipande, kama siku zote. Kwenye bega lake palikuwa na alama nyekundu.

Seu Orestes aliporudi, pumzi zimemwishia, Dona Nair alikuwa ameshavalishwa lile gauni la maua, na juu yake koti la mumewe. Mzee alisimama kwenye kizingiti. Nadhani Lucimara alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakuona wa kugombana naye.

"Jumamosi napandisha tangi," alisema Seu Orestes. "Nguzo zipo, Nair. Nitawaambia ukweli, watakuja."

"Najua zipo. Naziona kila siku dirishani."

"Jumamosi hii tu."

Dona Nair alimtazama. Ulimi wake ulikuwa umechoka, maneno yalitoka moja moja.

"Yalikuwa mazuri, Orestes. Mpaka yalipokatika. Sijui kama umewahi kufunga mazuri kuliko yale." Kisha akasema, "Nasikia baridi. Mwache Lucimara anichukue."

Kule chini waliwasha moto. Tuliona mwanga wake kwenye kioo cha dirisha, na ndipo, watu wote wakiwa wamekwisha kuoga, bomba likakohoa ukutani, na maji yakaanza kumwagika bafuni, baridi, kwa nguvu zote, juu ya kiti kitupu. Hakuna aliyekumbuka kuifunga ile koki. Tuliyasikiliza mpaka Seu Orestes alipokwenda kuifunga.

Waliondoka asubuhi. Seu Orestes alimbeba mkewe mpaka kwenye gari, na gari lilipogeuka kona ya baa alibaki ameikunja mikono vilevile, kama bado amebeba.

Jumamosi hiyo wanaume walikuja wote, hata wale wa upande wa pili wa mlima. Adelar alileta nyama mwenyewe, na hakufanya utani hata mmoja. Kabla ya mchana mnara ulikuwa umesimama na tangi liko juu yake. Seu Orestes alibadilisha koili, akakata bomba la barabarani, akaunganisha la tangi. Maji yanashuka vizuri, saa yoyote, hata mlima mzima ukioga. Wiki zote zile za kungoja, nguzo zilikuwa zimelala kando ya uzio, zimechongwa.

Alimpigia Lucimara siku hiyohiyo. Lucimara alimwambia angoje baridi ipungue. Baridi ilipopungua Dona Nair alipata kiharusi cha pili, na daktari wa kule akasema safari ya kupanda milima haifai tena. Mzee alishuka kwenda kumwona. Alikaa muda mfupi akarudi. Nilimuuliza, naye akigeuza kibuyu mikononi.

"Hali yake?"

"Safi. Anaogeshwa kila siku, ngozi yake imenawiri." Akaweka kibuyu chini. "Aliniangalia vizuri, akaniita fundi. Akaniuliza kama nimeleta ile shawa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimeileta."

Siku hizi wateja wake wamepungua. Akiitwa, anawaambia maji yatoke kwenye tangi, nao wanasema wanataka ile ya Orestes, wanakwenda kumwita fundi mwingine awafungie. Hajibishani nao. Anarudi juu na mfuko wake.

Juzi nilipanda kumpelekea supu, nikamkuta jikoni amejifunga taulo, beseni la bati mbele ya jiko, anajimwagia kwa kopo. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, na kile kiti cheupe kiko palepale, kikavu.

"Seu Orestes, mbona huogi kule? Si inafanya kazi?"

"Inafanya. Naifungua kila Jumamosi, mpira wake usije ukakauka."

"Basi?"

Alichota maji kwenye beseni, akayaacha yamshuke shingoni.

"Kule pana mwenyewe," alisema. "Weka supu mezani, mwalimu. Na ufunge huo mlango, baridi inaingia."